Pia ya Goti la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Plasta ya mama mkwe imetolewa leo. Nilitarajia kwamba plasta ikitoka mguuni, na yeye atatoka kwenye kiti changu. Wapi! Amerudi kutoka hospitali, akaingia sebuleni na magongo yake, akalipita kochi, akakipita kiti cha wageni, akaketi palepale. Kiti changu! Kile cha kuegemea, chenye bonde la umbo langu, bonde nililolichimba mwenyewe kwa miaka mingi ya kukaa bila kukata tamaa. Mguu ukawekwa juu ya kigoda, umenyooka kama bunduki inayoilenga televisheni.

Nikamwambia pole, mama. Akaniambia asante, mkwe. Hayo ndiyo mazungumzo yetu tangu nimwoe binti yake. Hajawahi kunitukana. Hajawahi kunisifu pia. Siku ya posa aliuliza tu kama kunyoa watu ni kazi ya kudumu, akaambiwa nywele zinaota kila siku. Hajafungua tena hoja hiyo.

Alikuja na dada wa mazoezi kutoka hospitali, binti mpole mwenye viatu visivyotoa sauti. Akatueleza kwamba ufa wa mfupa umeunga vizuri. Sasa kilichobaki ni kulipinda goti, kidogokidogo, kila siku. Lisipopindwa sasa litazoea kunyooka, na likishazoea ndiyo basi. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo aone limefika wapi.

Mama mkwe aliuliza swali moja tu: vipi kuhusu kanyagio? Cherehani yake iko pembeni mwa sebule tangu ahamie kwetu, imefunikwa shuka kama mgonjwa wa pili. Ameshona maisha yake yote. Mke wangu na mdogo wake walisomeshwa na cherehani ile. Dada akasema ukweli: kanyagio linataka goti linalopinda.

Mambo yangekwenda sawa kama si shemeji. Mdogo wa mke wangu, mwalimu wa bayolojia. Nyumbani tunamwita Profesa, na yeye anadhani ni heshima. Akasafisha koo. Akasema mfupa ule wa mbele ya goti kitaalamu huitwa patela, neno la Kilatini, maana yake kisahani.

Mama mkwe akalitazama kabati la vyombo. Kisha akatazama goti lake. Kisha akauliza kama ina maana muda wote huu alikuwa anatembea na kisahani. Profesa akasema naam, kwa maana ya jina. Akauliza, na kisahani kikishaingia ufa je? Profesa akaanza kusema aah, mama, ni jina tu. Alikuwa amechelewa. Dada alipoomba tujaribu kupinda kidogo, mama mkwe alisema yeye hata kikombe cha chai haweki kwenye kisahani chenye ufa, sembuse mwili mzima. Mada ikafungwa. Mguu ukabaki umenyooka.

Profesa akatabasamu lile tabasamu lake la kusema wote tungepata alama nzuri kama tungekuwa tunasikiliza. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Nikasema Kilatini kikae kando, Kiswahili kina jina lake: pia ya goti! Profesa akauliza kwa adabu sana, shemeji, na kwa nini ikaitwa pia?

Sikujua. Nikasema ni habari ndefu, inahitaji nafasi.

Wote wakakubaliana kwamba wataisubiri.

Mpango: nipate asili ya jina, Profesa afedheheke, mama mkwe apinde goti, nipate kiti changu. Mambo yote hayo kwa neno moja! Sijawahi kuwa na mpango safi namna hii.


Jumanne, 4 Machi

Utafiti umeanza. Una tatizo moja kubwa: goti lenyewe siruhusiwi kulitazama. Si kwamba nimekatazwa. Ni goti la mama mkwe, na kuna vitu ambavyo macho ya mkwe hayaendi. Dada alipofunua shuka jana kulikagua, mimi niligeukia ukutani nikasoma kalenda. Ni kalenda ya kampuni ya rangi za nyumba. Naijua vizuri sana sasa. Mwezi wa saba una picha ya geti.

Kwa hiyo nimewauliza wateja. Kinyozi hakosi wataalamu. Mtu akishafungwa shuka shingoni hana pa kwenda, hujibu. Dereva wa teksi alisema inaitwa pia kwa sababu ukikaa ukanyoosha mguu, ukaishika kwa vidole, inachezacheza, haikai mahali pamoja. Muuza mayai akapinga. Alisema yeye aliwahi kujigonga goti kwenye kona ya meza na alizunguka chumba kizima kama pia kwa maumivu, kwa hiyo jina linatokana na anayegongwa. Mstaafu mmoja aliyekuja kusoma gazeti langu tu akasema watu wa zamani walitaja wanachokiona, na sisi tutafute walichokiona.

Nikaona nihakikishe ya dereva. Nikamwomba anyooshe mguu hapohapo kitini. Nikaishika pia yake kwa mkono wa kushoto. Kweli inacheza! Inateleza kulia, inateleza kushoto, kama kitu kilichosahauliwa chini ya ngozi! Nilifurahi kupita kiasi. Mkono wa kulia, uliokuwa na mashine, nao ulifurahi.

Barabara imepita katikati ya kichwa cha dereva kutoka paji la uso hadi kisogoni. Imenyooka vizuri, lazima niseme. Amelazimika kunyolewa kipara. Amesema mkewe hatamjua. Nikamwambia kipara kinampa sura ya uongozi. Akaniuliza uongozi wa nini.


Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya na siku nzuri. Ubaya kwanza.

Asubuhi mama mkwe amemwambia mke wangu aitafutie cherehani mtu. Yeyote, hata yule jirani anayeshona mapazia kwa mkono. Alisema kitu kinachokaa bila kazi kinaota kutu, bora kiende kwa mwenye miguu miwili. Alisema bila huzuni, kama mtu anayeomba chumvi. Mke wangu akaingia jikoni na kufungulia bomba, akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilimfuata. Nikavikausha.

Sasa uzuri. Jikoni hapo nikakumbuka kwamba goti lina picha! Ile ya eksrei, katika bahasha kubwa ya kahawia juu ya kabati. Lakini likazuka swali ambalo sidhani kama mtu yeyote amewahi kuulizwa: je, ni halali mkwe kutazama picha ya mfupa wa goti la mama mkwe? Nguo haipo. Lakini ngozi nayo haipo.

Nikaenda kumwuliza mwenyewe, nikiwa nimetazama kalenda. Akafikiri sana. Kisha akatoa hukumu: mfupa tazama, ngozi la.

Nikaisimamisha picha dirishani. Nikatazama. Nikaona kitu kipana chini, kimechongoka juu, nikasema huu ni mlima. Profesa alikuwa amepita kuchukua chakula chake (ana jiko kwake, lakini halijui). Akaniambia nimeishika juu chini. Nikaigeuza kwa heshima yangu yote.

Na hapo nikaona! Juu pana, chini imechongoka. Mviringo wa juu, ncha ya chini. Pia! Ile ya mbao ya watoto, inayopigwa kamba ikazunguka kwa ncha! Watu wa zamani waliona mfupa huu, wakasema hebu tazama, pia hii. Nilipiga kelele mpaka mke wangu akaja mbio na kikombe mkononi.

Profesa alisema huo ni ufanano wa umbo tu, si ushahidi. Nikamwambia na kisahani chake je, si ufanano? Wale wa Kilatini walikuwa na risiti ya kisahani? Akanyamaza. Aliunyamazia wali pia, maana aliacha nusu sahani, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Mama mkwe akaomba picha. Akaitazama muda mrefu mbele ya mwanga. Akasema ni kweli, inafanana na pia. Kisha akaonyesha kwa kidole kile kimstari chembamba. Pia yenye ufa, akasema.

Nikamwambia tulipokuwa wadogo pia zote zilikuwa na ufa, na tulizipiga hivyohivyo, mama. Akanitazama. Akauliza kama niliwahi kucheza. Nikasema niliogopwa mtaa mzima!

Kwa kweli sikuwahi hata kuifanya isimame. Nilikuwa natunza viatu vya wanaocheza. Lakini mtu akiwa juu namna ile haanzi kueleza mambo ya viatu.


Ijumaa, 7 Machi

Nimeona asili ya neno pekee haitoshi, goti bado limenyooka. Nimeongeza mtego.

Nimechukua rimoti ya televisheni, nikaiweka chini, kwenye zulia, mbali kidogo na kigoda. Tamthilia yake huanza jioni na hakubali kukosa hata wimbo wa mwanzo. Ili aifikie, lazima ainame. Ili ainame, lazima apinde. Nikajificha nyuma ya gazeti, roho mkononi.

Saa ya tamthilia ikafika. Akatazama rimoti. Akatazama gazeti langu. Akachukua gongo, akalinyoosha, akaivuta rimoti mpaka kwenye kigoda kwa ustadi wa mtu aliyezaliwa na gongo mkononi, akaiinua kwa vidole vya mguu mzima. Hakupinda chochote. Kisha akaniuliza kama gazeti linasomeka vizuri zaidi nikilishika juu chini.

Na mechi yangu ilikuwa saa ileile. Nimetazama tamthilia. Yule bwana mwenye suti ni mwongo, nilimjua tangu aingie.


Jumapili, 9 Machi

Mpango mkuu! Mama mkwe anaogopa kwa sababu anafikiri ana kisahani gotini. Ameona picha, lakini picha ni picha. Lazima aone pia yenyewe, ya mbao, ikizunguka mbele ya macho yake, mkwewe akiwa fundi wa mtaa mzima. Profesa naye aalikwe ili awepo wakati wa kufedheheka.

Pia hazipatikani madukani. Nimezunguka. Wana za plastiki zenye taa na muziki. Hakuna mfupa wa namna hiyo.

Basi nikarudi nyumbani na kujilaza kitandani nifikiri, na macho yakatua kwenye kirungu cha mbao kilicho juu ya nguzo ya kitanda. Mviringo! Ukubwa wa goti! Miaka yote nimelala chini ya pia na sikujua!

Mke wangu alikuwa amekwenda sokoni. Msumeno wa jirani ni mkali kuliko unavyoonekana. Nimechonga ncha kwa wembe wa kazini, nyembe kadhaa zimekufa, na kidole gumba kina bendeji. Lakini pia imetoka. Imeegemea upande mmoja, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Ni nzuri.


Jumatatu, 10 Machi

Nilisahau kwamba chandarua hufungwa kwenye kirungu kile.

Mke wangu aliuliza kilikokwenda. Nikasema mbao zina tabia ya kusinyaa. Akaniuliza kama husinyaa na kuacha unga wa msumeno kwenye mto. Nikaeleza yote. Nilitarajia maneno. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaishika pia, akaigeuzageuza. Akasema mama yake alikuwa akipiga pia na kaka zake utotoni, aliwahi kumsimulia. Alisema tangu kuvunjika kwake hajamsikia mama yake akisimulia lolote. Kisha akanirudishia, akaniambia nikashindwe vizuri.

Chandarua tumekifunga kwenye msumari wa picha ya harusi. Picha iko chini ya kitanda kwa sasa. Ninaonekana mwembamba sana mle.


Jumatano, 12 Machi

Aibu! Aibu tupu!

Nilipanga viti. Mama mkwe katika changu. Profesa kwenye kochi, amekunja nne. Mke wangu mlangoni, tayari kukimbia. Nikatoa hotuba fupi juu ya watu wa zamani na macho yao. Nikaizungushia pia kamba ya katani niliyoifunga kwenye kijiti. Nikainua mkono juu, kama nilivyokuwa nikiwaona wengine wakifanya enzi zangu za viatu. Nikatupa.

Pia haikuzunguka. Iliruka. Ilipita sikioni kwa Profesa (angalau hilo), ikagonga ukuta, ikarudi, ikafungua mlango wa kabati la vyombo kwa kishindo na kuingia ndani kama mgeni aliyealikwa. Tukasikia kitu kimoja kikivunjika.

Kisahani. Cha ile seti ya chai ya mama mkwe aliyokuja nayo. Vipande vimetapakaa mpaka chini ya televisheni. Nilitaka ardhi ipasuke. Profesa alisema kwa upole kwamba ningemwuliza tu, angenionyesha kwenye kitabu. Nikapiga magoti kuokota vipande, nikaomba radhi, nikaomba tena, nikamwahidi mama seti mpya.

Yeye hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anaitazama pia. Ilikuwa imetoka kabatini na bado inabingirika zuliani polepole, haina hata mchubuko. Ikaja mpaka kwenye mguu wa kigoda, ikatulia. Akaomba apewe. Akaigeuza mkononi. Akapitisha kidole gumba nchani. Akatazama vipande mikononi mwangu, akaitazama tena pia, akasema mmh.

Mmh tu. Miaka yote hii na mimi sijui tafsiri ya mmh ya mama mkwe.

Baadaye akaniambia kamba ya katani inakwaruza mbao, ndiyo maana inaruka. Inatakiwa kitambaa. Akamwambia mke wangu amletee mfuko wake wa vipande vya nguo. Nikachukulia kwamba ananifariji. Nimekwenda kazini nikamnyoa mtu bila kumwuliza swali hata moja. Akaniuliza kama naumwa.


Ijumaa, 14 Machi

Nimekubali kushindwa. Dada wa mazoezi anakuja kesho. Jirani wa mapazia naye amesema atatuma watu kesho wakaichukue cherehani.

Jioni nilimkuta mama mkwe peke yake. Ameishika pia mapajani, amechana ukanda mrefu wa kitambaa cha buluu, anauviringa na kuuviringua. Nikaketi kwenye kiti cha wageni. Kina vyuma. Nikamwambia, mama, mimi sikuwahi kuogopwa mtaani kwa pia. Nilitunza viatu. Akasema alijua tangu nilipoinua mkono.

Tamthilia ikaanza, hakuiwasha sauti. Akanisimulia kaka zake, jinsi walivyokuwa wakimnyima pia kwa kuwa ni msichana, akachonga yake, akawapiga wote. Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu aanguke. Nami nikacheka. Nilijisahau kabisa, hata sikuwaza kiti.

Niliwaza kidogo.


Jumamosi, 15 Machi

Naandika kwa shida. Nitaeleza kwa mpangilio.

Dada alifika asubuhi. Profesa alikuwepo. Watu wa jirani walikuwa mlangoni, wameshavua viatu, wanasubiri waonyeshwe cherehani. Dada akaomba goti lijaribiwe. Mama mkwe akasema subiri kwanza, mkwe wangu anataka kupiga pia.

Mimi? Sikutaka! Lakini akanipa pia yangu na ule ukanda wa buluu, na macho yake hayakuwa ya kubishana nayo. Nikazungusha ukanda. Akasema umelegea. Nikakaza. Akasema nimezungusha kinyume. Nikazungusha upande mwingine. Akasema sasa nashika kama mtu anayempa mtu sabuni. Profesa akacheka. Nikainua mkono juu, na mama mkwe akapiga ukelele: jamani, huyu atatuua! Pia hairushwi kutoka mbinguni! Inawekwa chini, pale, kwa ncha! Hebu lete hapa!

Akasimama.

Bila magongo. Akaniwekea mkono begani na uzito wake wote, akaanza kushuka, nami nikishuka naye kwa goti moja. Chini kabisa, kwenye zulia, mahali pia inapoanziwa. Na mtu hawezi kushuka vile bila kupinda goti. Nikasikia dada akivuta pumzi. Nikasikia mke wangu akisema mama, sauti ya mtoto kabisa. Nikaona pindo la nguo linaanza kupanda.

Nikafumba macho.

Ndiyo. Goti la mama mkwe! Kalenda ilikuwa nyuma yangu, ningefanya nini? Nimengoja siku zote hizi, nimekata kitanda, nimevunja kisahani, nimemnyoa kipara mtu mwenye familia, na goti lilipopinda mbele ya kila mtu, hata watu wa jirani wameliona, mimi peke yangu nilikuwa gizani. Nilisikia tu uzito ukishuka begani mwangu, kidogo, kidogo, ukitetemeka. Halafu kitambaa kikalia fyaa! Halafu sauti nyembamba, kama nyuki mmoja aliyefurahi. Inaimba! Kirungu cha kitanda changu kinaimba!

Watu wakapiga makofi. Nikasikia ukanda ukiipiga tena, fyaa, iendelee, na tena, fyaa! Nami nikiwa nimefumba macho, nimepiga goti moja kama shujaa, nikitabasamu.

Kwa hiyo sikuiona ikija.

Imenigonga katikati ya pia ya goti. Ya mbao juu ya ya mfupa. Kelele niliyopiga, inasemekana, haikuwa ya mtu mzima.

Watu wa jirani wameondoka mikono mitupu. Mama mkwe aliwaambia cherehani ina kazi.


Jumatatu, 17 Machi

Niko kitini. Kiti changu! Bonde langu limenikumbuka. Mguu umenyooka juu ya kigoda, goti limevimba kama andazi, rimoti mkononi. Nitafupisha: mpango umefaulu wote. Asili ya jina nimeipata, Profesa amekiri kwamba pia ni jina zuri, na mama mkwe anatembea kwa gongo moja tu, na hilo hulisahau jikoni.

Cherehani imevuliwa shuka. Tangu asubuhi inakwenda, tk-tk-tk-tk, inapumzika, inakwenda. Akichoka hulisugua goti lake, hulitukana kidogo, huendelea. Mke wangu amepita mara nyingi sebuleni bila sababu, anasikiliza tu.

Dada wa mazoezi amepita kumwona. Akaona nami nipo, akanikagua. Akasema hakuna mfupa uliovunjika, ni mvilio tu, utapungua, ila nianze kupinda leoleo.

Nikamwambia kwa heshima kwamba yeye ni binti mdogo na huu mfupa mimi nimeusoma. Haupindwipindwi ovyo. Kitaalamu ni patela. Neno la Kilatini. Maana yake kisahani!

Dada akamtazama Profesa, aliyekuja kwa chakula chake. Profesa akatazama kalenda.

Cherehani ikanyamaza. Mama mkwe akaja, mguu mmoja, mguu mwingine, ameshika kitu kifuani. Mto mdogo wa kitambaa cha buluu. Juu mpana, chini umechongoka. Ameushona mwenyewe, wa kwanza tangu apone. Akauweka chini ya goti langu, akaupapasa ukae sawa. Akasema, pole mwanangu.

Mwanangu! Nilisoma mwezi wa saba wote, na lile geti, mpaka macho yakakauka.

Kisha akachukua pia, akaizungushia ukanda, akashuka taratibu (nikafumba), akaipiga. Ikaimba pale katikati ya zulia, ikazunguka muda mrefu, ikayumba, ikalala. Akaiacha hapohapo, mbele kidogo ya kigoda changu, na ukanda wake kando. Akarudi kushona.

Naitaka. Nataka kuijaribu na ule ukanda, sasa nimeshajua inawekwa wapi. Lakini imelala mahali ambapo mtu lazima ashushe mguu na kuinama. Nimemwomba mke wangu aniokotee, amesema ana kazi. Nimemwomba Profesa, amesema amekatazwa. Na nani? Akatazama kwenye cherehani. Roho mbaya iliyoje! Mgonjwa kabisa, mwenye kisahani gotini!

Lakini hawanijui. Nimeshapata mpango, na ni wangu mwenyewe, sijauona kwa mtu. Kesho mama mkwe akilisahau gongo lake jikoni, nitaomba niletewe, nilinyooshe polepole, niivute pia mpaka hapa. Bila kupinda chochote.